Ngozi ya Mnyama Isitupwe: Somo la Vifaa vya Kukwangulia

 

Ndugu Muislamu, kila Idi ya Kuchinja inapomalizika, ukizunguka nyuma ya nyumba zetu hapa Punia utakuta ngozi za mbuzi na kondoo zimetupwa kwenye mashimo ya taka. Nyingine zimetundikwa kwenye ukuta wa lupango, zinanuka na nzi wamezijaa. Mwenye ngozi alikusudia kheri. Alitaka kupata ngozi ya kuswalia, au ya kuwamba dufu la Maulidi, au ya kufunikia msahafu. Kilichomshinda ni jambo moja: kuondoa nyama na mafuta yaliyobaki upande wa ndani. Ama aliyaacha, ngozi ikaoza. Ama aliyaondoa kwa kisu kikali, ngozi ikatoboka. Leo tusome jambo hilo moja, yaani kifaa cha kukwangulia ngozi, namna ya kukichagua na namna ya kukitengeneza nyumbani.

1. NGOZI INA HUKUMU YAKE

Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba kondoo wa sadaka aliyepewa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna (r.a.) alikufa. Mtume (s.a.w.) alipopita akauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaidibaghi na kunufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawaeleza kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Bibi Sauda (r.a.) naye ameeleza kuwa kondoo wao alikufa, wakaidibaghi ngozi yake, wakaitumia kama kiriba mpaka kikachakaa. Tazama, ndugu yangu: hata ngozi ya mzoga haikutupwa. Itakuwaje ngozi ya mnyama uliyemchinja kwa jina la Allah?

Na ngozi ya udhuhiya haiuzwi, wala hapewi mchinjaji kuwa ndiyo ujira wake. Sayyidna Ali (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) agawe nyama na ngozi za ngamia wa dhabihu, na asimlipe mchinjaji kutokana na chochote katika hivyo. Mchinjaji alipwe kwa mfuko wako. Ngozi uitumie mwenyewe au umpe mwingine. Ikiwa udhuhiya ni wa nadhiri, ngozi nayo itolewe sadaka.

2. KUKWANGUA NI MLANGO WA DIBAGHI

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wameeleza kuwa kudibaghi ni kuondoa mabaki yanayoiharibu ngozi, kwa kitu kikali chenye ukakasi, kama maganda ya komamanga au matunda ya mti wa karadha. Jua na udongo peke yake havitoshi kuitoharisha ngozi ya mzoga. Alama ya dibaghi iliyotimia ni kwamba ngozi ikirudishwa majini, uvundo na kuoza havirudi.

Sasa fikiri. Ngozi ina upande wa manyoya, ina ngozi yenyewe katikati, na upande wa ndani ina utando wenye nyama na mafuta. Chumvi haipenyi mafuta. Maji ya magome nayo hayapenyi mafuta. Palipobaki mafuta, dawa inaishia juu, na chini yake ngozi inaoza polepole huku manyoya yanang'oka. Kwa hiyo mtu anayesema amedibaghi bila kukwangua, kazi yake haijafika ndani.

Mbuzi aliyechinjwa kisheria ngozi yake ni tohara tangu mwanzo, na manyoya yake pia. Yeye anakwanguliwa ili asioze. Lakini manyoya ya mzoga, kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu, hayatohariki kwa dibaghi. Kwa sababu hiyo, ukitaka ngozi ya kuswalia yenye manyoya, chagua ya mnyama aliyechinjwa.

3. KIKALI CHA KUCHINJIA, BUTU CHA KUKWANGULIA

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah ameandika ihsani katika kila jambo, na akaamrisha mchinjaji anoe kisu chake. Wengine wetu wakachukua kisu kile kile kilichonolewa wakakipeleka kwenye ngozi. Hapo ndipo panapoharibika. Ihsani ya kuchinja ni makali. Ihsani ya kukwangua ni ukingo butu, ulio sawa, unaosukuma nyama bila kukata ngozi.

Jaribio lake ni rahisi. Pitisha kidole gumba juu ya ukingo kwa kukikingamisha. Ukihisi unakata, haufai. Ukihisi kona inayokwaruza kama ukingo wa ubao uliorandwa vizuri, huo ndio. Vipande vya chupa tusivitumie kabisa. Vinakata ngozi na vinakata mkono, na vigae vyake vinabaki kwenye lupango ambamo watoto wanatembea bila viatu.

4. GOGO

Kabla ya chuma, tafuta gogo. Liwe la mti mgumu, la mviringo, nene kama paja la mtu mzima, urefu wa mita moja na nusu hivi. Limenye gome, liondoe mafundo, lisugue mpaka liwe laini. Kila uvimbe ulio chini ya ngozi utakuwa tundu juu yake. Ncha moja ikae chini, nyingine iegemezwe ifike kiunoni mwako. Unabana ngozi kati ya tumbo lako na kichwa cha gogo, mikono yote miwili inabaki huru kwa kazi.

5. CHUMA CHA MIKONO MIWILI

Hiki ndicho bora kwa ngozi nzima. Chukua panga kuukuu, au bapa jembamba la springi ya gari. Urefu wa sentimita 45 hadi 50 unatosha. Kama bapa limepinda kidogo usilinyooshe, kwa sababu ule mpindo unakaa vizuri juu ya gogo. Fanya hivi:

a) Kwa tupa, futa makali yote ya zamani. Pitisha tupa wima juu ya ukingo, mpaka ukingo uwe bapa na kona zake mbili ziwe sawa toka mwanzo hadi mwisho.

b) Viringisha pembe za ncha zote mbili. Ngozi nyingi hutobolewa na pembe, si na ukingo.

c) Acha sentimita 10 kila upande kwa ajili ya mikono. Tia vipini vya mti, au zungushia mpira wa ndani wa kinga, ili mkono usiteleze wenye mafuta.

d) Ondoa kutu kwa mchanga na maji, kisha paka mafuta ya mawese. Kutu huacha madoa kwenye ngozi.

Na neno moja juu ya chuma chenyewe, ndugu yangu. Kiwe cha halali. Chuma cha daraja, cha mashine ya mtu, au cha gari lililolala barabarani likimngoja mwenyewe, kina mwenyewe. Haifai kutengeneza musala kwa chuma cha wizi.

6. MFUPA, JIWE NA KIJIKO

Asiyekuwa na chuma asikate tamaa. Wenyeji wa asili wa Marekani ya Kaskazini walitumia mfupa wa mguu wa mnyama mkubwa, wakaukata mshazari na kuutia meno madogo kwenye ncha. Huko Konso, Ethiopia, katika nchi ya Habasha iliyowapokea Masahaba, wanawake wamekuwa wakikwangua ngozi kwa vipande vya jiwe vilivyoshikizwa kwenye mpini wa mti mpaka zama zetu hizi.

Ukitaka mfupa, chukua ule mrefu wa chini ya goti la ng'ombe aliyechinjwa. Ukate mshazari kwa msumeno, usugue ncha juu ya jiwe mpaka ipungue ukali. Usitumie mfupa wa mzoga, kwani ni najisi katika madhehebu yetu, na unapaka najisi juu ya ngozi tohara. Kwa sehemu za miguu, shingo na pembezoni, kijiko cha chuma kinatosha.

7. KAZI YENYEWE

Anza wakati wa kuchuna. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alimkuta kijana akichuna kondoo bila ustadi. Akamwambia asogee amwonyeshe, akaingiza mkono wake kati ya ngozi na nyama mpaka ukazama kufikia kwapa. Kisha akaenda kuswalisha bila kutawadha upya. Hapa tuna mafunzo mawili: mkono hauikati ngozi kama kisu, na Mtume wetu hakuona aibu kufundisha kazi hii.

Ngozi iliyochunwa kwa mkono ina nyama chache. Ikwangue siku ile ile, kwani joto na unyevu wa msitu wetu havisubiri kesho. Sukuma chuma mbele, mbali na mwili wako, kutoka shingoni kwenda mkiani, kutoka katikati kwenda pembeni. Shingoni tia nguvu. Tumboni na kwapani punguza, ngozi ni nyembamba hapo. Ikiteleza kwa mafuta, nyunyiza unga wa mbao kutoka kwa seremala. Jivu usilitie kwenye ngozi ya kuswalia, maana hulegeza manyoya. Umemaliza ukiona weupe ulio sawa, bila sehemu inayong'aa. Ndipo utie chumvi, kama nusu ya uzito wa ngozi. Mabaki yafukiwe mbali na kisima na kijito.

8. TAHADHARI

Ruhusa ya ngozi ya mzoga haimaanishi kugusa kila mzoga. Mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, mdomoni au nyuma, huenda ana kimeta. Usimpasue, usimchune. Vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi, na kwa njia ya ngozi huweza kumwingia mtu na kumuua. Mwite mganga wa mifugo au mpashe habari mkuu wa kituo cha afya, azikwe kwa kina au achomwe. Dini yetu haitaki kudhuru wala kudhuriana.

Ngozi ya mbwa na nguruwe haitohariki kwa dibaghi katika madhehebu yetu. Ngozi ya chui imekatazwa kukaliwa, na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2014 ya kulinda maumbile inamhifadhi mnyama huyo. Mbuzi wako anatosha.

9. KAZI HII NI YA NANI?

Wako wanaoidharau, wakisema ni kazi ya watu wa chini. Wakumbuke Mama wa Waumini, Bibi Zainab bint Jahsh (r.a.). Alikuwa akidibaghi na kushona ngozi kwa mikono yake, na pato lake akalitoa sadaka. Hakuwa mtu wa chini. Basi Idi ijayo, Inshaallah, baba aandae gogo na chuma wiki moja kabla, na asiwaache vijana wa chuo bila kuwafundisha. Ngozi moja iliyokwanguliwa vizuri ni musala wa mjane au wa mzee asiye na mkeka.

MASWALI YA KUJIPIMA

- Kwa nini chumvi haifai kutangulia kukwangua?
- Ukingo wa kukwangulia unajaribiwa vipi?
- Mchinjaji wa udhuhiya analipwa kwa nini?
- Mfupa wa aina gani haufai, na kwa sababu gani?

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema zako kubwa na ndogo, utubarikie kazi za mikono yetu, na uzikubali dhabihu zetu. Amin.