SOMO LA MKULIMA: Je, Trekta la Zamani Linafaa Kununuliwa?

Katika udongo mweusi kama ule wa bonde la Lambwe, siku za kulima ni chache. Kabla ya mvua ardhi ni ngumu. Mvua ikizidi, inanata na magurudumu yanazama. Anayengoja trekta la kukodi mara nyingi hupanda akiwa amechelewa, na mavuno hupungua. Kwa hivyo mkulima au chama cha wakulima huenda kikafikiria kununua trekta dogo la zamani.

Faida zake
Chukua mfano wa Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka wa 1964. Mengi yana injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, yenye takriban nguvu farasi 45. Halina kompyuta wala sensa, kwa hivyo fundi wa jua kali aliye na spana na ujuzi anaweza kulitengeneza. Ni fupi, hugeuka kwa urahisi katika mashamba madogo. Baada ya kulima huvuta trela ya miwa Awendo na Rongo, au kusafirisha mahindi Kuria.

Hata hivyo, lina kikomo. Katika udongo mzito lipe plau la diski mbili, si tatu.

Kagua haya kabla ya kulipa
1. Fika injini ikiwa baridi. Ukiikuta moto, uliza kwa nini, kisha urudi siku nyingine.
2. Tazama moshi. Moshi wa buluu usioisha ni dalili ya injini inayochoma oili.
3. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji.
4. Inua plau, kisha zima injini. Likishuka upesi, haidroliki inavuja.
5. Lijaribu shambani likiwa na mzigo, katika kila gia. Klachi inayoteleza hujulikana hapo.
6. Linganisha nambari za injini na chesisi na zilizo kwenye hati ya umiliki. Usikamilishe malipo kabla ya umiliki kuhamishwa kupitia NTSA.

Usiamini mita ya saa pekee. Huenda ilikufa au ilibadilishwa. Usitumie akiba yote kwa bei ya kununua: tenga pesa za tairi, betri, filta na oili.

Usalama
Mengi ya matrekta haya hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Usivute kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu. Funga chini, kwenye ndoano ya kuvutia. Funika shafti inayozungusha mashine za nyuma, na usiikaribie ukiwa umevaa leso au nguo pana. Usibebe mtoto kwenye madigadi.

Ikiwa shamba lako ni la ekari mbili au tatu, kukodi au kununua kwa pamoja kutakufaa zaidi. Kabla ya kuamua, zungumza na afisa wa kilimo wa wadi yako, na uende kukagua trekta pamoja na fundi unayemwamini, si fundi wa muuzaji.