SHIRIKA YA WAZEE KATIKA HOTELI YA CHAKULA



Mas'ala haya huzungumzwa barazani katika miji ya pwani, toka Lamu na Mombasa hata Tanga na Unguja. Watu waliotumikia bandari, reli, skuli na afisi za serikali hufika miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa serikali ya Kenya na ya Tanzania. Mzee hupokea kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja, fedha ambazo pengine hakupata kushika mfano wake tangu kuzaliwa, wala hatazishika tena. Hukaa na wenziwe wakahesabu: mmoja akifungua duka peke yake ataelemewa, lakini watu kumi wakichanga, waweza kufungua hoteli ya pilau na mahamri, vijana wa mtaa wakapata kazi, na faida isitoke nje ya mtaa.

Shauri hili ni jema katika asili yake, wala si geni duniani. Mwaka 1844 mafundi wa kufuma nguo katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu maskini, walichanga pauni moja moja wakafungua duka la unga, siagi na sukari, na duka lile likawa mfano kwa vyama vya ushirika vya nchi nyingi. Lakini wale walijiwekea faida maalumu ya mwaka juu ya fedha ya kila mwanachama, na hapa ndipo Muislamu anapotengana nao, kama itakavyobainika. Kwa hivyo haitoshi kuuliza kama hoteli itapata wateja. Yataka kuuliza kama shirika yenyewe itasihi, kwani wengi hukusudia njia isiyosihi, wala hawajui mpaka siku ya ugomvi.

La kwanza la kutazamwa ni fedha yenyewe, kabla haijatoka mkononi. Mwenye deni lililofika muda wake na akadaiwa, alipe kwanza. Na ambaye hajahiji, naye ana fedha ya kumfikisha Makka na kumrudisha, na chakula cha wale wanaomtegemea mpaka arejee, basi Hija imemwajibikia. Imam Shafii (aliyefariki mwaka 204 wa Hijra) ameruhusu Hija kucheleweshwa kwa mwenye nguvu; lakini mzee anayeogopa udhaifu wa mwili hana tena ruhusa hiyo, yampasa aende. Na kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yake ni kwamba mtu hulazimika kutumia hata rasilmali ya biashara yake kwa ajili ya Hija. Itakuwaje basi mtu wa miaka 60, ambaye magoti yameanza kumsumbua, aitie fedha ya Hija katika masufuria na mafriji, kisha aseme atahiji kwa faida?

Baada ya hayo atazame watu wa nyumbani mwake. Saad bin Abi Waqqas alipokuwa mgonjwa alitaka kuusia mali yake nyingi, Mtume akamzuia isipokuwa theluthi, na hiyo theluthi akasema ni nyingi, akambainishia kuwa kuwaacha warithi wanajiweza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba kwa watu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Imekuja katika wasia, si katika biashara, wala hapana sharia inayomkataza mzee kutia mali yake yote katika shirika. Lakini mwenye akili huona mafunzo yake: kijana akipata khasara hurudi kazini, ama mzee hana kazi ya kurudia.

Ama shirika yenyewe, wanavyuoni wameigawa mafungu manne. Liko la watu kuchanganya kazi za mikono yao na kugawana pato. Liko la kushirikiana katika kila kitu, pato na gharama. Liko la watu wasio na mali kukopa bidhaa kwa heshima ya majina yao na kugawana faida. Na liko la kuchanganya mali maalumu ili kuifanyia biashara, nalo huitwa shirika ya inani. Kwa Imam Shafii matatu ya kwanza ni batili, na la mwisho tu ndilo linalosihi. Sharti zake zimo katika kitabu kidogo cha Abu Shujaa na katika Minhaji ya Imam Nawawi (aliyefariki 676), vitabu ambavyo watu wa pwani wamevisoma misikitini kwa karne nyingi. Inashangaza kuwa mtu aliyesoma mlango wa twahara mara tano hakupata hata mara moja kuufikia mlango wa shirika.

Sharti mojawapo ni kuwa mali zichanganywe kabla ya mapatano, hata isijulikane ipi ya huyu na ipi ya yule. Haitoshi Zaid kusema, "Nihesabieni laki tatu, ziko benki kwa jina langu." Fedha hiyo ingali yake, ikipotea, imepotea juu yake peke yake, na wenziwe wakipata faida kabla hajaitoa, hana haki ndani yake. Wafungue hesabu moja isiyo ya riba, kila mtu atie, ndipo wafunge mapatano na kupeana idhini ya kuiendesha mali.

Na ikiwa mmoja hana fedha bali ana masufuria makubwa ya pilau, na mwenziwe ana meza na viti, vitu hivi haviwi rasilmali kwa kutajiwa bei tu, kwani havichanganyiki. Njia waliyoitaja wanavyuoni ni kuwa huyu amuuzie yule nusu ya vyake kwa nusu ya vile vya mwenziwe, kila kitu kiwe cha wote wawili, kisha wapeane idhini. Ama mwenye nyumba penye njia ya watu, bora asiitie nyumba katika shirika, bali awakodishe kwa kodi maalumu na muda maalumu, hoteli ikipata au isipate.

Sharti nyingine ndiyo inayovunjwa zaidi, nayo ni kuwa faida na khasara ziwe kwa kiasi cha mali. Mfano: Zaid ametoa shilingi 300,000, Amru 200,000, na Bakari 100,000, jumla 600,000. Ikipatikana faida ya 60,000, Zaid atapata 30,000, Amru 20,000, na Bakari 10,000. Ikipotea 60,000, ni hivyo hivyo. Sasa Bakari, ambaye ni mnyonge wao, aseme: "Mimi nipeni 3,000 kila mwezi, na rasilmali yangu isiguswe, faida nyingine ni yenu." Wenziwe wakamwonea huruma, wakakubali. Hawakumfanyia hisani, wamemtia katika haramu. Fedha iliyodhaminiwa irudi kamili pamoja na ziada yake ni mkopo wenye riba, hata ikiitwa shirika, hata ikiandikwa kwa hati nzuri na kusomewa Fatiha. Na pengine mwezi ule hoteli haikupata ila hizo 3,000 tu, Zaid na Amru watoke mikono mitupu. Wakitaka kumsaidia Bakari, wamsaidie mifukoni mwao.

Ama wakishartiana faida isiyolingana na mali, kwa kuwa mmoja wao ndiye atakayesimamia hoteli toka alfajiri hata isha, mapatano hayo kwa Shafii ni fasidi. Biashara iliyokwisha fanywa haivunjiki, bali faida hurudishwa kwa kiasi cha mali, na aliyefanya kazi hupata kwa wenziwe ujira wa mfano wake kwa ile kazi aliyoifanya katika mali yao. Wanavyuoni wa Hanafi na Hanbali wameruhusu mfanya kazi ashartiwe faida zaidi. Lakini khasara, hata kwao, haiwi ila kwa kiasi cha rasilmali.

Hapa hutokea wazo jingine. Wazee husema: tumtafute mpishi hodari, aliyepika hotelini au melini, sisi tutoe mali naye atoe kazi, faida iwe nusu kwa nusu. Njia hii huitwa kiradhi, na asili yake ni halali. Lakini Imam Nawawi ametaja katika Minhaji jambo lililo karibu mno na hoteli: mtu akitoa mali kwa mwenziwe anunue ngano, aisage, aoke mikate na kuuza, kiradhi hiyo ni fasidi. Sababu yake ni kuwa kiradhi imeruhusiwa kwa haja ya biashara, yaani kununua na kuuza, ambako kazi yake haipimiki. Ama kusaga na kuoka ni kazi ya ufundi inayojulikana, na inayojulikana huajiriwa. Na pilau ni nini ila mchele ulionunuliwa, ukapikwa, ukauzwa? Kwa Hanbali pana wasaa katika jambo hili. Lakini kwa wafuasi wa Shafii njia iliyo safi ni mpishi kuajiriwa kwa mshahara maalumu, alipwe hata mwezi wa khasara, wala asingojee faida. Wakitaka kumtunza mwisho wa mwaka, wamtunze kwa hiari yao.

Yabaki mambo mawili yanayoua hoteli za pwani kuliko ukosefu wa wateja, nayo ni mkopo na ulaji wa bure.

Mkono wa mshirika juu ya mali ya shirika ni mkono wa amana. Wamesema wanavyuoni kuwa hana ruhusa ya kuuza kwa deni, wala kuuza kwa bei ya kupunja sana, ila kwa idhini ya wenziwe. Basi mzee anayekaa mezani kupokea fedha, akaja mkwewe na rafiki zake watano wakala biriani, akamwambia karani, "Andika, watalipa mwisho wa mwezi," naye hakupewa idhini hiyo, amefanya lisilo lake, na dhamana ya haki za wenziwe i juu yake. Asiseme kuwa aliona haya. Haya ni jambo la kusifiwa, lakini mtu huona haya kwa mali yake, si kwa mali ya Amru na Bakari.

Na mshirika anayeingia jikoni kila asubuhi akanywa chai na mahamri na mbaazi, akachukua na sinia la nyumbani, kwa hoja kwamba hoteli ni yake, na ajue kuwa kila hamri moja lina sehemu yake na sehemu za wengine. Wazee kumi wakila hivyo kila siku pamoja na wajukuu wao, hoteli itakuwa imejaa watu na sanduku halina kitu. Ama walipe kama wateja wengine, ama wakubaliane wote kwa uwazi kuwa kila mmoja ana kiasi fulani kwa siku, na kiandikwe. Imepokewa na Abu Daud hadithi ambayo maana yake ni kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja na washirika wawili muda ambao mmoja wao hajamkhini mwenziwe; akimkhini, hujitenga nao. Khiyana katika hoteli haianzi kwa kuiba sanduku.

Kuandika hapana budi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kuamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, liwe dogo au kubwa. Iwapo hivyo ndivyo deni la watu wawili, shirika ya watu kumi ina haja zaidi. Waandike kila mtu ametoa nini, nani mwenye idhini ya kununua na kuuza, hesabu itasomwa lini. Wakitaka jina la pamoja mbele ya serikali, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya ya 1997 yataka watu wasiopungua 10 kuanzisha chama. Lakini kabla ya kutia sahihi wasome kanuni za chama, isiwemo riba ndani yake. Wazee waliosuhubiana toka chuoni huona kuandikiana ni kutuhumiana. Hapana tuhuma hapo. Anayeandikiwa hati ni mrithi, ambaye hakuwapo barazani.

Na mrithi ndiye mas'ala ya mwisho, nayo ni mazito kwa kuwa washirika hawa ni wazee. Shirika ya inani si kifungo: kila mmoja ana haki ya kujitoa wakati autakao, na mmoja akifa, au akapotewa na akili, shirika yake imekatika. Wako wanaoandika kuwa sehemu ya atakayekufa itabaki kwa walio hai, wakiona ni udugu. Sharti hiyo ni batili. Sehemu ya maiti ni tirka: hutolewa gharama za maziko na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha hugawanywa kama alivyogawa Mwenyezi Mungu, na mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumuni yake ndani ya yale masufuria. Warithi watu wazima wana khiyari: wagawanye na kutoka, au wafunge mapatano mapya na waliobaki. Wakiwamo mayatima, walii wao hutazama lililo na maslaha zaidi kwao, wala hana haki ya kuwasamehe wazee kwa kuwa ni marafiki wa baba yao.

Kwa hivyo yafaa wakubaliane mapema namna ya kuthamini vitu vya hoteli, na waweke akiba kidogo katika faida ya kila mwaka, ili afapo mmoja waweze kununua sehemu yake kwa bei ya siku hiyo, warithi wakiridhia. Hoteli isiyo na akiba, fedha yake yote ikiwa katika majiko na viti, itafungwa kwa maiti wa kwanza.

Ama zaka, ni juu ya bidhaa za kuuza na fedha iliyopo, ukitimia mwaka na kutimia kiwango, 2.5 katika 100. Majiko, meza na masufuria hayana zaka. Na kwa Shafii mali iliyochanganywa huhesabiwa kama mali moja: hata sehemu ya Bakari ikiwa peke yake haifiki kiwango, ikiwa jumla imefika, zaka imewajibika katika yote, naye sehemu yake humo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.