Hesabu ya Matangazo: Kulipa kwa Kuonyeshwa au kwa Kubofywa?

Shangazi yangu hubangua korosho huko Kisarawe na kuziuza kwa pakiti mpaka huku Kibaha. Ametenga shilingi 30,000 atangaze biashara yake katika Facebook na Instagram. Fedha hizo ndizo za kununulia korosho ghafi za mara ijayo. Zikipotea, kazi itasimama. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe unasoma hesabu, nilipe kwa njia ipi?" Jibu langu naliandika hapa, maana huenda likawafaa na wazazi wengine.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kulipa kwa kuonyeshwa: unatozwa kwa kila mara 1,000 tangazo linapotokea katika simu za watu, wakilijali wasilijali. Ni kama kumlipa mpiga mbiu azunguke mtaani. Ya pili ni kulipa kwa kubofywa: hutozwi mpaka mtu aliguse tangazo. Ni kama kumlipa mtu kwa kila mgeni anayemfikisha mlangoni pako.

Google ilipoanza kuuza matangazo ya AdWords mwaka 2000 ilitoza kwa kuonyeshwa. Mwaka 2002 ikaleta malipo ya kubofywa. Meta, yenye Facebook na Instagram, kwa kawaida hutoza kwa kuonyeshwa, lakini kwa baadhi ya matangazo humwachia mtangazaji achague.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kuonyeshwa mara 1,000 ni shilingi 3,000, na mbofyo mmoja ni shilingi 150. (Bei za kweli hupanda na kushuka, kwa kuwa nafasi hutolewa kwa mnada.) Kwa shilingi 30,000 shangazi atapata kuonyeshwa mara 10,000, ama mibofyo 200. Gawanya 200 kwa 10,000: ni 2 kwa 100. Hapo njia zote mbili ni sawa.

Wakibofya 4 kwa 100, kulipa kwa kuonyeshwa kutaleta mibofyo 400, kila mmoja shilingi 75. Ndiyo njia rahisi. Wakibofya 1 kwa 100, itakuwa mibofyo 100 tu, kila mmoja shilingi 300. Hapo heri kulipa kwa kubofywa.

Lakini angalieni: kubofya si kununua. Ikiwa katika mibofyo 200 watu 10 tu wananunua pakiti moja moja, na faida ya pakiti ni shilingi 2,500, basi amepata 25,000 kwa kutumia 30,000. Hiyo ni hasara ya shilingi 5,000, hata kama tangazo limesifiwa na wengi.

Kwa hiyo nilimshauri shangazi aanze na shilingi 5,000 tu, alipe kwa kubofywa, na aandike daftarini tangazo limeonyeshwa mara ngapi, wangapi wamebofya na wangapi wamenunua. Akiisha kujua hesabu zake tatu, ndipo achague njia ya kutumia zile 25,000 zilizobaki, au azirudishe kwenye korosho.