Kumbe Flashi Haikuwa na Kosa

Wiki moja kabla ya kukabidhi tasnifu, laptop yangu iliishia kwenye kioo cheusi. Data zote za vijito vya Uluguru zilikuwa humo. Nikaweka Ubuntu kwenye flashi, nikawasha: wapi!

Kumbe nilikopi faili la ISO kama unavyokopi wimbo. Hivyo haiwaki ng'o. ISO huandikwa kwa programu kama Rufus, nayo hufuta vyote vilivyomo kwenye flashi.

Nikaazima mashine ya jirani hosteli, nikaandika upya. Ukiwasha, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, kisha chagua flashi.

Usikimbilie kusakinisha! Chagua "Try Ubuntu", okoa mafaili kwanza. Yangu yalipona. Ya kwako, ndugu, yana nakala?