Breki ya Mbele Isiyoachia: Tafuta Sababu Kabla ya Kununua Pedi



Pikapu kuukuu ni mtumishi mwema. Asubuhi hupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika, na siku ya soko hubeba viazi na kabeji. Lakini gari la namna hii mara nyingi hupata ugonjwa mmoja: breki ya gurudumu la mbele hushika na haiachii. Wenye magari wengi hukimbilia kununua pedi mpya. Baada ya muda mfupi pedi hizo nazo huisha, na ugonjwa ungaliko. Pedi iliyoisha upesi ni dalili tu; sababu iko mahali pengine.

Tena jambo hili si la fedha peke yake. Breki inayoshika hupata moto sana, na moto huo huingia katika mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye digrii 205 za Selsiasi au zaidi. Yakikaa muda mrefu hunyonya unyevu, na huweza kuchemka karibu na digrii 140. Yakichemka hutoa mvuke, na kanyagio huzama mpaka chini bila gari kusimama. Fikiri hali hiyo ikikupata ukitoka Kinangop kushuka Naivasha, gari limejaa mzigo na watu.

DALILI ZAKE

Gari huvutwa upande mmoja. Ni kama ng'ombe wawili wa plau: mmoja akigoma, jozi nzima hugeuka upande wake. Pia utasikia harufu ya kuungua, na gari halitelezi vizuri likitolewa gia. Endesha maili mbili tatu mahali tambarare, ukitumia breki kidogo tu, kisha simama. Sogeza mkono karibu na kila gurudumu la mbele, lakini usiguse chuma. Lililo na joto kupita mwenzake ndilo lenye shida. Usilimwagie maji, kwa kuwa chuma chenye moto huweza kupasuka.

JINSI YA KUPIMA

Acha gurudumu lipoe. Weka gari mahali palipo sawa, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, toa gia, kisha inua mbele kwa jeki. Tegemeza gari kwa kigogo imara. Usiamini jeki peke yake.

1. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, au likizungushwa lingurume, angalia beringi kwanza.

2. Mwambie mtu akanyage breki mara kadhaa, kisha aachie. Zungusha gurudumu. Mkwaruzo mdogo si kitu kwa breki ya sahani. Lakini likiwa zito, breki imeshika.

3. Likiwa bado limeshika, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa, iliyo nyuma ya breki. Linda macho yako. Mafuta yasipotoka kwa nguvu na gurudumu likabaki zito, shida iko kwenye breki yenyewe: pistoni imeshika kutu, au pini zake zimekauka. Lakini mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi, basi yalikuwa yamefungiwa ndani. Endelea na kipimo cha nne.

4. Funga skrubu, kanyaga tena mpaka gurudumu lishike. Sasa legeza nati inayounga bomba la chuma na mpira wa breki. Gurudumu likiachia hapo, kizuizi kiko juu, kwenye silinda kubwa, au kanyagio halina nafasi ya kurudi. Mara nyingi shida ya huko hushika magurudumu yote mawili ya mbele. Lisipoachia, ila liachie ukifungua skrubu tu, mpira ndio mbaya. Kwa nje waweza kuonekana mzima, kumbe ndani umevimba: mguu husukuma mafuta yapite, lakini hayarudi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Baada ya kufungua mahali popote, funga sawasawa, ongeza mafuta, na utoe hewa yote kabla ya kuendesha. Kanyagio likiwa laini kama sifongo, gari lisitoke.

Ukibadilisha mpira mmoja, badilisha na wa upande wa pili, kwa maana umri wao ni mmoja. Pedi nazo hubadilishwa pande zote mbili pamoja.

Usitie kamwe mafuta ya injini wala mafuta ya taa mahali pa mafuta ya breki. Huvimbisha mipira yote, na hapo utanunua breki nzima.

Kama kazi hii ni ngumu kwako, mpe fundi. Lakini mwambie ni kipimo gani kilichoachia gurudumu. Mkulima anayejua hivyo hauziwi pedi wakati gari linataka mpira.