SOMO LA FAMILIA: MTOTO ANAKUA, GHARAMA INABADILIKA

Wazazi wengi huuliza: mbona watoto walipokuwa wadogo tuliweza, na sasa wamekuwa wakubwa tunashindwa? Tuliangalie jambo hili hatua kwa hatua, kwa maisha yetu hapa Uganda.

1. KUZALIWA HADI MIAKA 5
Mtoto mdogo hali sana. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama pekee yanamtosha, na baadaye nguo za kaka huvaliwa na mdogo wake. Gharama kubwa hapa ni muda. Mama hawezi kwenda kibarua kila siku, na mtoto akishikwa na malaria usiku, kesho yake jembe linalala.

2. MIAKA 6 HADI 12
Uganda ilianza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, na watoto wetu wanasoma pamoja na watoto wa wenyeji. Lakini kukosa ada si kukosa gharama. Kuna sare, daftari, kalamu, chakula cha mchana na michango. Ni vitu vidogo vidogo, lakini kila wiki kuna kitu.

3. MIAKA 13 HADI 18
Hapa mizigo miwili inakuja pamoja.

Wa kwanza ni chakula. Mgao kamili hupangwa kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anahitaji kama 1,000. Mvulana wa miaka 16 anayelima hukaribia 3,000. Kadi inahesabu vichwa, haihesabu matumbo. Tena, tangu mwaka 2023 mgao hapa Uganda hutolewa kwa kupima uhitaji, na familia nyingi zinapata pungufu au hazipati kabisa.

Wa pili ni sekondari. Mwaka una mihula mitatu, na kila muhula shule inataka fedha kwa mkupuo. Fedha ya kibarua huja siku kwa siku, na huliwa siku kwa siku. Ndipo kijana anaacha shule akabebe matofali, na mtu akija na mahari ya binti wa miaka 15, nyumba yenye njaa inamwona kama mkombozi. Wapendwa, huyo si mkombozi. Na sheria ya Uganda haimruhusu kumwoa mtoto aliye chini ya miaka 18.

4. TUFANYE NINI?
Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala (Mwanzo 41). Alikusanya miaka saba ya shibe. Shule ya msingi nayo ni miaka saba. Hiyo ndiyo miaka ya kujenga ghala, hata kama shibe yetu ni ndogo.

Mzazi akiweka shilingi 1,000 kila wiki katika kikundi cha akiba tangu mtoto aingie darasa la kwanza, kwa miaka saba anafikisha shilingi 364,000. Haitamaliza sekondari yote, lakini inamfikisha mlangoni, na akishaingia ni rahisi kutafuta msaada kuliko akiwa amekaa nyumbani. Asiye na fedha afuge kuku, au mbuzi jike mmoja, amwite kwa jina la mtoto ili asiuzwe kwa jambo lingine.

Baba na mama wapange pamoja. Akiba anayoijua mmoja tu huleta ugomvi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
a) Mtoto wetu wa kwanza atamaliza darasa la saba mwaka gani?
b) Leo tuna nini tulichomwekea?
c) Wiki hii tutaanza na kiasi gani?

Mungu awabariki, na azitunze nyumba zenu.