Kunyoosha Kichwa cha Mashine Kongwe ya Kunyolea

Mashine kongwe ya kunyolea ikinyoa vizuri upande mmoja na kukwaruza upande wa pili, usikimbilie kulaumu ngozi wala wembe. Kagua kona za kichwa chake. Mashine ikiponyoka mkononi na kuangukia sakafu ya saruji, kona moja hupinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni haraka, lakini wembe hukihisi. Mahali hapo wembe haubanwi sawasawa, kwa hiyo hutikisika na kuvuta ndevu badala ya kuzikata.

Kampuni ya Gillette, watengenezaji wa mashine hizi, waliufahamu udhaifu huu. Mashine yao ya kwanza iliingia sokoni Marekani mwaka 1903, na leo wakusanyaji huiita Old Type. Walipotoa toleo jipya mwaka 1930, waliimarisha kona za kifuniko na kukata kona za wembe, na matangazo yao yalieleza wazi kwamba mashine iliyoanguka huvuta ndevu. Hapa tutashughulika na Old Type. Zimebaki nyingi, maana jeshi la Marekani peke yake lilichukua mashine zipatazo milioni 3.5 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tena wembe wa pande mbili unaouzwa dukani hadi leo unaingia humo bila tatizo.

Hakikisha ni shaba

Old Type ina vipande vitatu: kifuniko chenye skrubu katikati na vijiti viwili vya kushika wembe, bamba la chini lenye meno, na mpini. Vyote ni shaba ya manjano iliyopakwa fedha, nikeli au dhahabu. Shaba hii hukubali kukunjwa kidogo na kurudishwa. Vichwa vya mashine nyingi za miaka ya karibuni ni vya aloi ya zinki, ambayo huvunjika bila onyo. Tazama mahali ambapo rangi ya juu imechakaa. Ukiona manjano, endelea. Ukiona kijivu, usiiguse kwa plaisi.

Tafuta kosa lilipo

Osha kwanza kila kipande kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Ganda la sabuni chini ya wembe linatosha kuupandisha upande mmoja, na hapo utanyoosha chuma kisicho na kosa.

Kisha weka wembe mpya na ukaze mpini hadi mwisho. Elekeza kichwa kwenye mwanga na utazame nafasi kati ya wembe na meno, upande mmoja baada ya mwingine. Pima kwa vipande vya karatasi ya kawaida ya printa, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1. Mahali pamoja pakipitisha karatasi nyingi kuliko pengine, ndipo penye hitilafu.

Sasa jua ni kipande gani kimepinda. Fungua, zungusha wembe peke yake nusu mzunguko, funga na utazame tena. Kosa likihama, tatizo ni wembe, weka mwingine. Lisipohama, zungusha kifuniko nusu mzunguko. Likihama pamoja na kifuniko, kifuniko ndicho kilichopinda. Likibaki palepale, ni bamba la chini. Usiruke hatua hii, kwa sababu anayekunja kipande kizima ili kifanane na kibovu huishia na vipande viwili vibovu.

Vifaa

Huhitaji karakana. Tafuta plaisi ndogo yenye midomo laini isiyo na meno, vipande viwili vya mbao ngumu kama mninga au mvule, ngozi laini ya kufunika midomo ya plaisi, rula ya chuma na kioo bapa. Jiliwa dogo likiwepo, kazi huwa rahisi zaidi. Weka wembe mbali kabisa kabla ya kuanza.

Kunyoosha kifuniko

Kifuniko kina mgongo uliopinda kwa makusudi, kwa hiyo lengo si kukifanya kiwe bapa. Lengo ni kona nne zilingane. Kiweke kwenye kioo, upande wa ndani ukitazama chini, vijiti na skrubu vikining'inia nje ya ukingo wa kioo. Kagua nusu moja, kisha nusu ya pili, uone kona ipi imeinuka au kuzama.

Bana kifuniko kati ya mbao mbili zilizofunikwa ngozi, ukiacha nje sehemu iliyopinda tu. Shika kona kwa plaisi iliyofunikwa na uisukume polepole kurudi ilikotoka, ukifuata mstari uleule wa mpindo. Shaba hurudi nyuma kidogo ukiiachia, hivyo pitiliza kwa unywele mmoja tu. Achia, pima, sukuma tena. Usikunje mbele na nyuma mara nyingi: kila mkunjo huifanya shaba kuwa ngumu zaidi, na shaba iliyokakamaa hupasuka. Usitumie nyundo ya chuma. Huacha kovu na kutandaza kona.

Kunyoosha meno

Weka rula ya chuma juu ya ncha za meno na utazame dhidi ya mwanga. Jino lililozama huonyesha mwanga chini ya rula, lililoinuka huinyanyua rula. Kama ni jino moja au mawili, yashike karibu na shina, si kwenye ncha, na uyarudishe mstarini. Kama safu nzima imelala, ibane kati ya mbao mbili ndefu kama safu yenyewe, ili nguvu ienee kwa meno yote, kisha uisukume kwa pamoja.

Kijiti cha kifuniko kilichopinda kivalishe kibomba kidogo cha shaba kinachokibana vizuri, ukisukume kwa kibomba hicho. Plaisi ikikishika moja kwa moja hukikwangua, na wembe hautaingia tena.

Mahali pa kusimama

Ukiona ufa, hata mwembamba, acha. Mpelekee sonara, anaweza kuunga kwa fedha, ingawa moto utaharibu rangi ya juu. Kwa sababu hiyohiyo usiipashe moto nyumbani ili ilainike. Mashine adimu yenye namba iliyogongwa tangu miaka ya mwanzo ni afadhali ibaki na mpindo wake wa kale kuliko kubeba alama za plaisi yako.

Kuijaribu

Nafasi zikilingana pande zote mbili, weka wembe mpya. Unapokaza mpini, shika wembe kwenye ncha zake fupi zisizo na makali ili usihame. Nyoa shavu kwanza, penye ngozi tambarare, bila kukandamiza, na uache shingo kwa siku nyingine. Pande zote mbili zikikata kwa sauti ileile na mguso uleule, kazi imekamilika. Upande mmoja ukiendelea kuvuta, rudi kwenye karatasi na kipimo kabla ya kurudi kwenye plaisi.

Kisha zuia chanzo cha yote haya. Mikono yenye sabuni huteleza, kwa hiyo tandika taulo kwenye sinki kila unapofungua mashine.